Ujira wa Mwalimu Mgeni: Mengo kutoka Zama za Muteesa hadi Leo

Wanafunzi wengi wa mwaka wa mwisho wanaosomea ualimu wa lugha hapa Kampala wana swali moja: baada ya kuhitimu, twende kufundisha Kiingereza nchi gani? Wapo wanaotaja Kigali na Juba, wapo wanaotaja Muscat na Dubai, na wapo wanaoota Seoul. Mabishano yenyewe huwa na pande mbili. Upande mmoja unasema, nenda penye mshahara, kwa maana wazazi wamekulipia ada na wadogo zako wanakungoja. Upande wa pili unasema, ungali kijana, nenda ukajue watu na utamaduni mwingine, pesa zitakuja baadaye.

Mimi ni mmoja wa wanafunzi hao. Ninasomea Kiswahili na Kiingereza, na ninaishi Mengo, chini kidogo ya kilima cha Namirembe. Katika insha hii nitaonyesha kwamba swali letu ni la zamani sana katika vilima hivi, kwa kuwa kwa miaka zaidi ya mia moja Mengo na jirani zake zimepokea walimu wageni na kutuma walimu ugenini. Hoja yangu ina sehemu mbili. Kwanza, walimu wageni walioacha alama hapa ni wale waliojifunza lugha ya wanafunzi wao, na jambo hilo lilitegemea masharti ya ujira wao zaidi ya wingi wake. Pili, bei ya mwalimu wa Kiingereza ugenini leo imepangwa kwa sehemu kubwa na wazo fulani kuhusu nani hasa ni mwenye lugha, na wazo hilo liliandikwa karibu sana na hapa, juu ya kilima cha Makerere, mwaka 1961.

Walimu wa kwanza wa lugha ya kigeni katika Buganda walikuwa wafanyabiashara. Ahmed bin Ibrahim alifika katika baraza la Kabaka Suna mwaka 1844, na baada yake walikuja Waarabu na Waswahili wengine kutoka pwani. Walileta nguo na bunduki, na pamoja na bidhaa hizo wakaleta Kurani, herufi za Kiarabu na Kiswahili. Ujira wao ulikuwa pembe za ndovu. Kufundisha hakukuwa kazi yao, ila ndiko kulikofanya Kiswahili kieleweke katika baraza la Kabaka Muteesa kabla mmisionari yeyote hajafika.

Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alipita kwa Muteesa, na alipoondoka alimwacha kijana aliyeitwa Dallington Maftaa. Huyu alikuwa Mwafrika aliyesomeshwa Zanzibar katika shule ya wamisionari wa UMCA. Alibaki barazani akimsomea Kabaka Maandiko kwa Kiswahili na kumwandikia barua. Nataka msomaji amzingatie sana Maftaa, kwa sababu katika vitabu vingi anatajwa kwa sentensi moja tu, kisha habari zinaruka hadi kwa Wazungu. Hakuzaliwa pwani, Kiingereza hakikuwa lugha ya mama yake, na wala Kiswahili hakikuwa. Hata hivyo, ndiye aliyekuwa mwalimu na karani wa lugha hizo mbili katika baraza lenye nguvu kuliko yote katika eneo hili la Ziwa. Hakuna aliyemuuliza kama ni mzawa wa lugha anayoifundisha.

Wamisionari wa CMS, chama cha Kianglikana cha Uingereza, walifika mwaka 1877. Alexander Mackay alifika mwezi Novemba 1878. Alikuwa Mskoti, mhandisi aliyekuwa na kazi yake Ujerumani kabla ya kujitolea. Tangu alipoondoka Uingereza mwaka 1876 hakurudi kwao tena. Alifariki Usambiro, kusini mwa Ziwa, mwezi Februari 1890. Mackay alijifunza Kiswahili, akafundisha kusoma kwa Kiswahili kwanza, kisha akachonga herufi na kupiga chapa kurasa za kusomea kwa Kiganda. Vijana waliokuja kwake waliitwa wasomaji, na jina hilo likawa ndilo jina la Wakristo wa mwanzo.

Mwezi Desemba 1890 alifika George Pilkington. Wakati huo makao ya Kabaka yalikuwa yamekwisha kuhamia Mengo chini ya Mwanga. Pilkington alikuwa amesoma lugha za kale katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Angeweza kuishi maisha mazuri kama mwalimu wa shule nchini mwake. Badala yake alijifunza Kiganda mpaka akaaminiwa kuongoza kazi ya kutafsiri Biblia, akishirikiana na wasomi wa Kiganda kama Henry Wright Duta. Biblia nzima ya Kiganda ilikamilika mwaka 1896. Mwaka uliofuata, mwezi Desemba, Pilkington aliuawa Busoga katika uasi wa askari wa Kisudani.

Walilipwaje? Mmisionari wa CMS hakupewa mshahara wa ushindani. Alipewa posho ya kujikimu. Lakini posho ile ilikuja na masharti mawili ambayo mikataba ya leo haina: alitarajiwa kukaa miaka mingi, na alitarajiwa kujifunza lugha ya wenyeji. Kwa maneno mengine, kujifunza Kiganda kulikuwa sehemu ya kazi, si starehe ya wikendi. Hapo ndipo ninapoona kosa la wenzangu wanaosema kwamba Mackay na Pilkington ni mfano wa watu waliochagua utamaduni wakaacha pesa. Pilkington alitoka katika familia yenye ardhi huko Ireland. Hakuwa na mdogo wake anayesubiri ada ya shule kutoka Mengo. Ni rahisi kuusifu ujira mdogo ikiwa nyuma yako hakuna anayekutegemea. Tunachoweza kujifunza kwake ni masharti ya kazi yake, na tusijidanganye kwamba sisi tuko katika hali yake.

Ili kuona upande wa pili wa jambo hili, inafaa tuangalie mwalimu aliyetoka Mengo kwenda ugenini. Apolo Kivebulaya alibatizwa mwaka 1895, na mwaka huohuo akatumwa Toro. Mwaka 1896 alivuka mto Semliki na kufika Mboga, mahali ambapo leo ni Kongo. Kanisa la Buganda lilikuwa na kanuni kwamba walimu wake wenyeji wagharimiwe na michango ya waumini wenyeji, si fedha za Uingereza. Askofu Alfred Tucker alijivunia kanuni hiyo kama dalili ya kanisa linalojitegemea, na kweli ilikuwa hivyo. Lakini matokeo yake mengine ni kwamba mwalimu wa Kiganda aliyevuka mpaka alikwenda na ujira mdogo sana kuliko mmisionari wa Kizungu, ingawa wote walifundisha watu kusoma katika nchi isiyo yao.

Walimu waliomtangulia Apolo huko Mboga walishindwa kuendelea kwa sababu mtawala wa huko, Tabaro, aliwanyima chakula. Apolo alikwenda na jembe, akalima bustani yake. Katika Buganda kulima chakula ilikuwa kazi ya wanawake, hivyo tunaweza kuelewa kwamba jembe lile lilimgharimu heshima pia. Alipigwa, akafungwa, akarudi tena. Mwishowe Tabaro mwenyewe alibatizwa. Apolo alikaa Mboga, akawafikia na watu wa misitu ya Ituri, na alifariki huko mwezi Mei 1933.

Hata hivyo, tusimfanye Apolo kuwa malaika wa historia. Yeye na wenzake walifundisha kusoma kwa Kiganda, lugha ambayo kwa watu wa Toro na Mboga ilikuwa ya kigeni, na iliyokuja pamoja na nguvu za Buganda. Watu wa Toro walitaka vitabu kwa lugha yao wenyewe, na baadaye wakavipata. Hapa mwalimu mgeni anapata onyo: unaweza kuwa maskini kuliko wenyeji wako, na bado ukawa mjumbe wa lugha yenye nguvu. Miongo kadhaa baadaye jambo hilohilo liliigeukia Mengo yenyewe. Serikali ya kikoloni ilipotaka kukipa Kiswahili nafasi kubwa zaidi shuleni mwishoni mwa miaka ya 1920, Kabaka Daudi Chwa alipinga waziwazi mwaka 1929. Sisi wanafunzi wa Kiswahili mara nyingi tunamlaumu. Ukisoma historia ya Toro utaona kwamba alisema kuhusu Kiswahili yale ambayo wengine walikwisha kusema kuhusu Kiganda.

Sasa nifike Makerere, mwendo usiofika saa moja kwa miguu kutoka Mengo. Mwezi Januari 1961 ulifanyika hapo mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola kuhusu kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili. Uhuru ulikuwa unakaribia, sekondari zilikuwa zinaongezeka, na wahitimu Waafrika wa kuzifundisha walikuwa wachache. Mkutano ulikuwa na tatizo la kweli la kutatua. Mwaka 1992 mwanaisimu Robert Phillipson, katika kitabu chake Linguistic Imperialism, aliichambua ripoti ya mkutano huo na kuonyesha kanuni tano zilizobeba mawazo yake: kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza pekee, kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni mzawa wa lugha hiyo, kwamba kianze mapema iwezekanavyo, kwamba kikifundishwa kwa wingi matokeo huwa bora, na kwamba lugha nyingine zikitumika sana kiwango cha Kiingereza hushuka. Phillipson alizipinga zote tano.

Kwa mada yetu, kanuni ya pili ndiyo muhimu. Kama mwalimu bora ni mzawa, basi bei yake lazima iwe juu, na nchi anakotoka ndiyo shahada yake ya kwanza. Mwaka huohuo wa 1961 ulianza mpango wa Walimu kwa Afrika Mashariki, ulioshirikisha Chuo cha Ualimu cha Chuo Kikuu cha Columbia. Vijana wahitimu kutoka Marekani na Uingereza waliletwa Makerere kwa mafunzo, kisha wakagawanywa katika sekondari za Uganda, Kenya na Tanganyika kwa mikataba ya miaka 2. Baadaye walikuja vijana wa Peace Corps, ambao walifika Uganda mwaka 1964 na walipewa posho ya kujikimu tu. Sisemi kwamba walimu hawa walikuwa wabaya. Wengi waliwafundisha watu waliokuja kuwa walimu wa walimu wetu. Lakini mtu anayekuja kwa miaka 2, na aliyeambiwa kwamba Kiingereza hufundishwa kwa Kiingereza pekee, hana sababu ya kikazi ya kujifunza Kiganda. Akijifunza, ni kwa hiari na upendo wake. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mkataba wake na ule wa Pilkington, na tofauti hiyo haitokani na kiasi cha fedha.

Baada ya hapo upepo uligeuka. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na mwaka huohuo Peace Corps wakaondoka. Walimu wengi wa Uganda nao walikimbia nchi, wengine kwa kuhofia maisha yao, wengine kwa sababu mshahara haukutosha hata sabuni. Walikwenda Kenya, na wengine mbali zaidi kusini mwa Afrika. Katika miaka ya 1980 mfumuko wa bei uliimaliza thamani ya shilingi mpaka mwaka 1987 serikali ikatoa noti mpya kwa kukata sifuri mbili. Hakuna aliyewauliza walimu hao kama walikwenda kutafuta utamaduni. Katika lugha ya mitaa yetu, kwenda kufanya kazi ng'ambo huitwa kyeyo, neno ambalo maana yake ni ufagio. Mwalimu aliyekwenda Kenya hakushika ufagio, lakini fedha zake zilifanya kazi ileile ya kusomesha watoto waliobaki nyumbani. Historia hiyo inanizuia kumdharau mwenzangu yeyote anayesema waziwazi kwamba anafuata mshahara.

Mwaka 2008 Rwanda iliamua kufanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia. Walimu wengi wa huko walikuwa wamesoma kwa Kifaransa, hivyo shule zikahitaji watu, na walimu wa Uganda na Kenya wakavuka mpaka. Kwa mara nyingine walimu ambao Kiingereza si lugha ya mama yao waliaminiwa kukifundisha, kama Maftaa alivyoaminiwa na Muteesa.

Kwingineko kanuni ya 1961 ingali hai. Korea Kusini ni mfano ulio wazi. Visa yake ya walimu wa lugha ya Kiingereza hutolewa kwa raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Uganda haimo, ingawa Kiingereza ni lugha rasmi hapa na nimekitumia darasani tangu shule ya msingi. Kwa hiyo kijana wa Ohio na kijana wa Mengo wakisema wote wawili kwamba "wanapima mshahara na utamaduni", hawasemi jambo moja. Yeye anachagua kati ya milango iliyofunguliwa. Mimi kwanza natazama mlango upi haujafungwa.

Nitaeleza hesabu yangu mwenyewe, kwa sababu insha ya historia isiyoweza kumsaidia mtu kuamua inabaki mapambo. Nina nafasi mbili za kuanza mara nitakapohitimu. Ya kwanza ni katika kituo cha lugha mjini Muscat. Mshahara wake ni karibu mara 3 ya ule wa pili. Cheo ni msaidizi wa mwalimu. Walimu wenyewe, mkataba unasema, ni wenye pasipoti za nchi zilizotajwa. Ya pili ni sekondari mjini Kigali, kwa cheo cha mwalimu kamili.

Kwa upande wa utamaduni, Muscat si jangwa kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Wapo Waomani wengi waliozaliwa Zanzibar na bara, waliorudi hasa baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, na Kiswahili kingali kinasemwa katika nyumba zao. Ningefaidika sana. Kwa hiyo si kweli kwamba Muscat ni pesa na Kigali ni utamaduni. Ndiyo maana nimeyatumia maswali ambayo historia ya Mengo imenifundisha kuuliza.

Swali la kwanza: je, mkataba unanitaka nijifunze lugha ya wanafunzi, au unanikataza? Kile kituo kinakataza neno lolote la Kiarabu darasani. Shule ya Kigali imeniambia kwamba wanafunzi wa kidato cha kwanza watanihitaji nielewe Kinyarwanda chao. La pili: nikiona mambo hayaendi, naweza kuondoka? Visa ya Muscat imefungwa kwa mwajiri mmoja. Rwanda imo katika Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, lililoanza kutumika mwezi Julai 2010, na ninaweza kutafuta shule nyingine bila kurudishwa nyumbani. La tatu: masomo yangu mawili yana nafasi? Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na shule hiyo ina vipindi vya Kiswahili visivyo na mwalimu.

Nimekubali Kigali. Gharama yake naijua, na si mimi peke yangu nitakayeilipa. Mdogo wangu aliyetarajia kwenda shule ya bweni atasoma shule ya kutwa hapahapa Mengo. Nilimweleza baba hesabu yote. Aliniuliza tu kama nina uhakika kwamba cheo ni bora kuliko shilingi. Nilimjibu kwamba msaidizi wa leo katika ngazi ile hawezi kupanda kesho, kwa kuwa kinachomzuia ni pasipoti, na pasipoti haibadiliki kwa bidii. Mwalimu kamili wa Kigali anaweza kupanda. Alisema tutaona.

Kwa kuhitimisha, napenda kuwakumbusha wasomaji wenzangu jambo moja linalotuhusu sisi wa Kiswahili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, na Umoja wa Afrika ukakipitisha kuwa lugha yake ya kazi. Walimu wa Kiswahili watatafutwa nje, na tayari wanatafutwa. Nimekwisha kusikia wenzetu wakisema kwamba mwalimu halisi ni yule wa Unguja au Mombasa, na kwamba sisi wa Kampala tukae nyuma. Hilo ni wazo lilelile la 1961 likiwa limevaa kanzu. Kama tunalikataa linapotunyima kazi ya Kiingereza, inatupasa tulikatae pia linapotumiwa katika Kiswahili, tukijiandaa vizuri ili ujuzi wetu uonekane darasani. Dallington Maftaa, ambaye hakuwa mtu wa pwani, alikifundisha Kiswahili katika baraza la Muteesa miaka 147 kabla ya uamuzi huo.